Nani Awezaye Kuhesabu Samaki?

Mjomba wangu ni mvuvi wa Ziwa Victoria. Kila ajapo kwetu Ijumbi hutuletea sangara, na sare na madaftari yangu hutokana na jasho lake. Likizo iliyopita nilimwuliza kama samaki hawapungui. Alicheka akasema, "Mjomba, nani aliyezama ziwani akawahesabu?" Sikuwa na jibu.

Muhula huu mwalimu wetu wa Bayolojia alileta kopo la maharage, akatutaka tukisie idadi yake. Tulitoa 100, tukayatia alama ya wino, tukayarudisha na kuyachanganya vizuri. Kisha tulichota 50; kati ya hayo, 5 yalikuwa na alama. Basi, kama moja katika kila kumi lina alama, yote ni kama 1,000. Tulipoyahesabu moja moja tulipata 1,130. Hatukupatia sawasawa, lakini hatukupotea mbali.

Mwalimu alisema kwamba dubu weupe wa Ncha ya Kaskazini huhesabiwa kwa njia hiyo hiyo, ili wenyeji wanaowawinda wapangiwe idadi isiyowamaliza. Sangara ni wengi mno kutiwa alama. Kwa hiyo watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo ziliunda shirika moja la uvuvi wa ziwa hili mwaka 1994, hutumia meli yenye chombo kipelekacho sauti majini na kupima mwangwi unaorudishwa na samaki. Tena huhesabu wavuvi, mitumbwi na nyavu zilizoko mialoni. Na kwa kuwa makisio yaweza kukosea, ni busara kuvua kidogo kuliko yanavyoruhusu.

Mjomba alipokuja tena, nilimwamkia, nikamweleza habari ya maharage. Alisikiliza kimya. Kisha nikamwambia kwamba sheria inakataza kuvua sangara asiyefika sentimeta 50, kwa sababu wengi wa kimo hicho hawajazaa bado. Akaomba rula yangu, akampima samaki aliyetuletea. Rula moja, na nane zaidi: sentimeta 38.

Hakuna aliyesema neno. Mama alimpika, tukamla. Nami nilijua kwamba samaki wa namna hiyo ndio walioninunulia rula ile.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, mjomba aliniuliza, "Nyavu za matundu makubwa, bei yake waijua?" Siijui, lakini nimeahidi kuiulizia.