Amana ya nyumba na kikohozi cha binti yangu

Usiku binti yangu alipoanza kukohoa, nilijua chanzo chake kilipo. Mimi ni mwanahabari wa afya. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala kuhusu kuvu ya ukutani na mapafu ya watoto. Sasa kuvu hiyo ilikuwa imetanda nyuma ya kitanda chake, nyeusi kama masizi, kwa sababu bomba lilikuwa likivuja ndani ya ukuta.

Nilimwambia msimamizi wa ploti mara tatu. Kila mara alinijibu, "Mama, fundi yuko njiani." Fundi hakufika.

Utauliza kwa nini sikuhama mara moja. Ni kwa sababu ya amana, au dipoziti kama tunavyozoea kuiita. Nilipoingia nyumba ile hapa Nairobi nililipa kodi ya mwezi, Sh18,000, na amana ya Sh18,000 nyingine. Ili nihamie kwingine nilihitaji kodi na amana mpya, na ile ya kwanza nisingerudishiwa kabla ya kutoka. Sikuwa na pesa hizo. Tukakaa miezi miwili zaidi. Nilisogeza kitanda katikati ya chumba, nikawa napangusa ukuta kila Jumamosi, na mtoto akazidi kukohoa. Hiyo miezi miwili ndiyo ninayojilaumu hadi leo.

Zamu yangu ya chama ilipofika, tulihama. Nikarudi kwa mwenye nyumba kudai changu.

"Mama, umeniharibia ukuta," aliniambia. "Hiyo pesa imeenda kwa rangi."

Ukuta wenyewe ni ule uliolowa kwa bomba lake. Lakini ningethibitisha vipi? Sikupiga picha siku niliyoingia. Malalamiko yangu yote niliyatoa kwa mdomo. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa M-Pesa wa Sh36,000, usiosema ipi ni kodi na ipi ni amana.

Jioni hiyo nilimpigia dada yangu, muuguzi aliye Leeds, Uingereza. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, huku mwenye nyumba hathubutu kuichukulia hiyo pesa kama yake."

Akanieleza. Kule England, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea amana katika upangaji wa kawaida wa nyumba za kuishi lazima ailinde kupitia moja ya mipango iliyoidhinishwa na serikali. Anaweza kuikabidhi pesa yenyewe, au abaki nayo lakini aikatie bima kwenye mpango huo. Ana siku 30 tangu alipoipokea, na ndani ya muda huo amweleze mpangaji kwa maandishi ni mpango upi na pesa hurudishwaje. Asipofanya hivyo, mahakama yaweza kumwamuru amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo. Tena tangu Juni 2019 amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi.

Wakikosana mwishoni, mpango una wasuluhishi wasiotoza ada. Wao huanza na msimamo kwamba pesa ni ya mpangaji. Anayetaka kuikata ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

"Lakini usidhani kila mtu analindwa," aliongeza. Alipofika alikodi chumba katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa akiishi humo humo. Upangaji wa namna hiyo hauko chini ya sheria hiyo. Kama una ndugu anayejiandaa kwenda huko kikazi, mwambie aulize hilo kabla ya kutuma pesa.

Hapa Kenya hatuna mpango kama huo. Amana hukaa mfukoni mwa mwenye nyumba, na mara nyingi huwa imekwisha kutumika kabla hujaidai. Lakini hatuko mikono mitupu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Nilimwandikia mwenye nyumba barua. Nikataja tarehe niliyoingia, kiasi nilicholipa, siku nilizoripoti bomba kadiri nilivyozikumbuka, na kwamba baada ya siku 14 ningeenda mahakama hiyo. Siku ya kumi na moja alinitumia Sh10,000. Nilizipokea, nikaacha zile Sh8,000. Kwa ushahidi niliokuwa nao, sikuwa na hakika ningeshinda, na mtoto alikuwa na miadi ya kliniki wiki hiyo.

Nyumba tunayoishi sasa niliingia kwa namna nyingine. Kabla ya kushusha kitanda nilipiga picha kila ukuta, kila bomba na chini ya sinki, nikamtumia mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Amana niliilipa peke yake, mbali na kodi. Tuliandikiana ukurasa mmoja unaosema itarudishwa lini na inaweza kukatwa kwa sababu zipi. Kitu kikiharibika naripoti kwa ujumbe wa simu, hata kama nimekutana naye langoni. Na kila mwezi naweka kando kidogo, ili siku tukilazimika kuhama ghafla nisisubiri amana ya mtu.

Binti yangu bado hukohoa baridi ikizidi. Juzi daktari alinitaka nimtajie kikohozi kilianza lini. Nilimtajia mwezi. Sikumwambia kwamba nilijua kisa chake tangu usiku wa kwanza.