Harufu ya Langilangi

Hapa Mombo harufu za mji ni za njia panda. Mabasi husimama, moshi wa dizeli ukachanganyika na mahindi ya kuchoma na matunda yaliyoteremshwa kutoka Soni na Lushoto. Lakini nyuma ya jiko langu uko mti mmoja ambao, ifikapo magharibi, huzishinda harufu zote hizo. Ni mlangilangi. Habari zake ndizo nitakazomsimulia msomaji, na ndani yake limo kosa langu.

Mke wangu ni mtu wa Tanga, wa pwani hasa. Mimi, mtoto wa mlimani niliyelelewa kwa moshi wa kuni, nilipomwoa niligundua kuwa chumba cha kulala kinaweza kuwa na udi, asumini, na chupa ndogo ya mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua ya langilangi. Siku za harusi alivaa kikuba kifuani. Mche wa mti huu aliuleta kwa gari moshi, ndani ya kopo la maziwa, akaupanda kabla hata ya kufungua mizigo.

Basi mwaka 1984, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulipata wageni kutoka Ulaya, tukaandaa chakula cha jioni. Nilimwambia mke wangu, kwa sauti ile ile niliyowasemea wanachuo, kwamba asijipake mafuta yale kwa kuwa yananuka kishamba. Nikampa chupa ya manukato ya dukani, niliyoipata kwa taabu, maana bidhaa zilikuwa adimu miaka ile. Akaitika, "Haya, Mwalimu." Hakuongeza neno. Tangu usiku ule sikuyaona tena mafuta ya langilangi chumbani mwetu, wala sikuuliza. Mti uliendelea kuwamwagia kuku maua yake.

Mwaka 2009 binti yetu alirudi kutoka masomoni Ufaransa, akamletea mama yake zawadi: Chanel Namba 5. Mama akatia tone moja kwenye kifundo cha mkono, akangoja (watu wa pwani hawanusi kwa pupa), kisha akacheka mpaka machozi. "Mwalimu, njoo unuse. Langilangi yangu ilikwenda Ulaya, sasa imerudi imevaa viatu!"

Nilidhani ni mzaha. Lakini mwalimu ni mtu wa kuhakikisha, nikaanza kusoma. Nilichokikuta kilininyamazisha.

Gabrielle Chanel, aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa mtoto wa maskini. Mama yake alipofariki, alilelewa na watawa, akajifunza kushona. Akaanza na kofia, akafuatia nguo, hata akawa na duka lenye jina kubwa mjini Paris. Mwaka 1921 alitoa manukato yaliyotengenezwa na Ernest Beaux, fundi mzaliwa wa Moscow. Beaux alimwekea vichupa vya majaribio vyenye namba, bibi akachagua cha tano. Ndani yake mlikuwa na asumini ya Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, pamoja na waridi, na kemikali ziitwazo aldehaidi zilizoyapa maua wepesi usiokuwapo katika ua lenyewe. Na langilangi imo. Mke wangu hakukosea hata kidogo.

Ua hilo asili yake ni visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, lakini makao yake makuu katika biashara ya manukato yakawa Komoro, kwa jirani zetu Wangazija na Wanzwani. Wakati wa ukoloni, kampuni ya Bambao, iliyofungamana na nyumba ya Chiris ya Grasse, ilishika mashamba makubwa kisiwani Nzwani. Miti hukatwa vilele ibaki mifupi, wanawake wachume alfajiri kabla jua halijaiba harufu. Maua hupikwa kwa mvuke siku hiyo hiyo. Mafuta yanayotangulia kutoka ndiyo bora na ndiyo ghali. Yanayofuata hushuka daraja moja baada ya jingine, na mtambo huweza kuchemka mchana kutwa na usiku.

Fedha za chupa ile zina kisa chao. Mwaka 1924 kampuni ya manukato ilipoundwa, ndugu wa ukoo wa Wertheimer walishika hisa nyingi, Chanel akabaki na asilimia 10. Wakati wa vita alijaribu kutumia sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi ili awanyang'anye, wakati wao wamekwisha kukimbilia Marekani. Hakufanikiwa, kwa kuwa walikuwa wamemkabidhi kampuni mtu mwingine asiye Myahudi. Naliandika hilo kwa sababu nimeona watu wakimsifu bibi huyu kana kwamba alinusa maua tu maisha yake yote.

Nilimsomea mke wangu haya yote jioni moja, nikitafsiri. Alisikiliza hadithi ya Paris kwa adabu. Nilipofika kwenye mtambo wa Nzwani akanikatiza: "Kuni wanatoa wapi?"

Sikulitazamia swali hilo, ingawa nimeishi chini ya milima ya Usambara na kuona misitu yake ikipungua. Nilisoma tena. Mitambo mingi ya Komoro hutumia kuni, nyingi mno, nayo misitu ya Nzwani imeliwa vibaya, kwa mitambo na kwa mashamba. Mito mingi iliyotiririka mwaka mzima kisiwani humo sasa hukauka. "Nilijua," akasema mke wangu. "Mafuta yangu mimi nilikuwa naanika juani."

"Nilikuwa." Neno hilo lilinikesha.

Alfajiri nilikwenda nyuma ya jiko na beseni, mzee mwenye magoti mabovu, nikachuma nilichokifikia. Nikaliweka beseni mbele yake pamoja na chupa ya mafuta ya nazi, nikamwambia kwamba mwaka 1984 nilimkosea. Alinitazama kitambo, akachukua ua moja, akaligeuza.

"Haya bado ni ya kijani, Mwalimu. Yakiiva huwa ya njano, na hapa katikati panaingia wekundu kidogo. Njoo nikuonyeshe."