Hofu ya Mji na Soko la Daraja Mbili

Mji wa Kisii umelala kati ya vilima. Wenyeji huuita pia Getembe, au Bosongo, yaani mahali pa Wazungu, kwa kuwa Waingereza walijenga boma lao hapo mwaka 1907. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na 605,576 katika jirani yake, Nyamira. Na siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, mgeni hudhani kwamba wote wameshuka Daraja Mbili kwa pamoja.

Si ajabu, basi, kwamba mama mmoja mkulima wa upande wa Nyamira alikaa miaka mingi bila kuthubutu kupeleka ndizi zake huko. Alikuwa amesikia habari za wezi wa mifukoni, na za walaghai wenye maneno matamu. Kwa hiyo alimngoja dalali nyumbani, naye dalali alipanga bei apendavyo, akijua kwamba mama huyo hana pengine pa kuuza. Hofu ile ilikuwa na gharama, naye aliilipa kwa kila mkungu.

Ikatukia kwamba karo ya mwanawe ilipungua, na dalali akakataa kuongeza hata shilingi moja. Alhamisi moja, kabla ya mapambazuko, mama huyo alipakia mikungu sita katika matatu huko Keroka, akashika njia ya Kisii. Alipofika, honi zilimziba masikio, pikipiki zikampita mbele na nyuma, na vijana wa mikokoteni wakapaza sauti, "Kando! Kando!" Miguu ikamtetemeka, akatamani kurudi kwa gari lile lile.

Hapo bibi mmoja mzee, aliyeketi nyuma ya fungu la parachichi, akamwita kwa Ekegusii: "Mwanangu, njoo ukae hapa. Lipa ushuru kwanza, upewe risiti. Tena usitaje bei kabla hujawauliza wenzako watatu."

Maneno hayo machache yaliupanga mji mbele ya macho yake. Akaona kwamba wauza ndizi wana mahali pao, na wauza chinsaga na managu wana pao. Na kwamba wengi wa wale aliowaogopa ni wakulima kama yeye, waliotoka vilimani alfajiri ile ile.

Kabla ya adhuhuri mikungu yote ilikwisha, kwa bei iliyoipita ile ya dalali. Karo haikutimia siku hiyo, lakini pengo lilipungua, na Jumatatu akarudi sokoni. Dalali alipobisha hodi tena, alikuta swali likimngoja mlangoni: "Je, utanunua kwa bei ya Daraja Mbili?"