Kutoka Slaidi za Kahama Hadi Seli za 293

Nilianza kazi Kahama, nikisoma slaidi za damu. Mvua zikinyesha, maduara, yaani mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, hujaa maji kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, na mbu hupata pa kuzalia. Watoto waliletwa wakiwa na degedege. Nilihesabu vimelea vya malaria, lakini hesabu haikunieleza kwa nini huyu amezimia na yule mwenye vingi zaidi anaomba uji. Vimelea vilivyokomaa havimo kwenye tone la kidoleni. Vimeganda kwenye kuta za mishipa.

Mwaka 2012 sampuli za watoto wa Tanzania zilionyesha ni jeni zipi za kimelea huwaka zaidi katika malaria kali. Mwaka 2013 kikajulikana kipokezi ambacho protini za jeni hizo hukishika kwenye kuta za mishipa: EPCR. Nilipokwenda kusoma Denmark, kazi yangu ikawa kukizalisha.

Bakteria ni rahisi kufuga, ila hawabandiki sukari ambazo seli zetu huzibandika juu ya EPCR. Tukatumia seli za 293, uzao wa figo ya kijusi kutoka Leiden, 1973. Namba yenyewe ni ya jaribio la Frank Graham, aliyezitengeneza. Katika jeni tuliondoa kipande kinachozama kwenye utando, tukaongeza mkia wa histidini, seli zikakimwaga kipokezi kwenye maji yao. Nyuzi 37, kabonidioksidi, mtikiso usiokoma. Kisha nikeli hunasa mkia. Maji yaliyopita kwenye nikeli sikuyamwaga, kama kwetu wachimbaji wasivyotupa marudio ya karasha, mabaki ya mawe yaliyosagwa; mara nyingi mali ilikuwa bado imo.

Kwenye jeli EPCR hutoa wingu pana, kwa kuwa molekuli zake hazilingani kwa sukari. Sukari zikikatwa kwa kimeng'enya, wingu hukusanyika na kushuka. Wenzangu walifurahia jeli safi. Mimi sikuwahi kuiamini: protini iliyojikunja vibaya nayo huonekana safi. Nilitaka kwanza EPCR yetu ishike protini C, mwenzake wa kila siku katika kuzuia damu isigande ovyo. Hapo ndipo nilipoleta protini ya kimelea. Ilishika, ikagoma kuachia, na protini C ikakosa pa kukaa.

Nikirudi Geita wauguzi huniuliza, "Kaka, dawa iko wapi?" Nawajibu ni ileile artesunate ya sindano, ambayo WHO iliipendekeza kwa watoto mwaka 2011. Wananicheka, kisha wananionyesha slaidi.