Jina na Tendo

Jina ni chombo cha kujulishia kitu. Likigeuzwa kuwa hukumu, huficha kile lilichopaswa kukionyesha. Katika siasa ya karne ya 20 ni majina machache yaliyopatwa na ajali hiyo kama ukomunisti. Watu wengi waliambiwa, na wengine wangali wanaamini, kwamba ukomunisti ni kushirikiana kila kitu, hata kanzu na sufuria. Tena kwamba ukomunisti na ujamaa ni pacha, na wote wawili ni adui wa dini.

Walakini Ilani ya Marx na Engels ya mwaka 1848 haikuitamani kanzu ya mtu. Ilitaka mali iwezeshayo wachache kuishi kwa jasho la wengi iwe ya umma. Ni kweli Marx hakuwa mtu wa dini. Lakini Mwalimu Nyerere, ambaye serikali yake iliyatia mabenki katika mikono ya umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, alikuwa Mkatoliki wa kusali mpaka kufa kwake mwaka 1999. Ujamaa wake aliusimamisha juu ya udugu, akakataa kuujenga juu ya vita vya matabaka.

Kilindoni, makao makuu ya wilaya ya Mafia, hutoa mtihani mwepesi wa majina haya. Kwa sheria ardhi ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Bali mnazi una mwenyewe, naye aweza kuurithisha wanawe. Samaki hana mwenyewe mpaka avuliwe. Akiisha kuvuliwa, pato hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu na ya wavuvi. Mpenda majina angesema kwamba mvuvi mwenye minazi ni mkomunisti baharini na bepari shambani. Mvuvi mwenyewe hana habari kwamba amehama chama. Linalomshughulisha ni ukubwa wa fungu la chombo, na nani aliyelipanga.

Jina hulaghai hata katika mambo makubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wako waandishi wa magharibi walioiita Zanzibar Kuba ya Afrika. Abdulrahman Mohamed Babu, mfuasi wa Marx, aliingia katika serikali ya mapinduzi. Alituhumiwa kwa mauaji ya Rais Karume ya mwaka 1972, akakaa kizuizini bara hadi mwaka 1978 bila ya kufikishwa mahakamani huko. Aliyemzuia ni serikali ya kijamaa. Wale walioamini kwamba jina moja huwafanya watu kuwa kitu kimoja hawakuwa na jibu.

Basi atakaye kuijua siasa na aulize nani mwenye ardhi, nani hupanga bei ya nazi, na nani aweza kulalamika asifungwe. Majibu ya maswali hayo hayamo katika jina.