Kwenye Mlango wa Mto Lukuga

Wengi wenu mmeliona ziwa Tanganyika, na wengine mmezaliwa kandokando yake. Sisi tulilijua kwa jina na kwa dagaa wake tu. Sisi ni watu wa Kongolo, watu wa mto Lualaba, na safari hii tunayotaka kuwasimulia ilikuwa mara yetu ya kwanza kufika Kalemie. Hatukwenda kutembea. Tulitumwa na wazee wa ukoo, watu watatu, baba mdogo akiwa mkubwa wetu, na maneno tuliyoyachukua hayakuwa matamu.

Habari yenyewe ni hii. Mdogo wetu alikwenda Kalemie kutafuta kazi bandarini. Kazi akaipata, na baada ya miaka miwili akaandika barua kwamba amepata mchumba, binti wa wavuvi wa huko, naye anaomba wazee wamsaidie kwa mahari. Wazee wakakaa baraza, wala hawakukaa sana. Wakasema: "Watu wa ziwani? Watu wa ziwani hawana makao. Leo wako hapa, kesho wamefuata samaki. Binti zao hawajui jembe. Kijana wetu atakula dagaa mwaka mmoja, na mwaka wa pili atakula peke yake." Sisi nasi tulikuwamo barazani, sisi nasi tuliitikia. Ndipo tukatumwa kwenda kuwaambia wazazi wa yule binti, kwa heshima, kwamba nyumba yetu haitaleta mahari.

Tukapanda hadi Kabalo, kisha tukashika njia ya mashariki kwa lori, kupitia Nyunzu. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na mji wenyewe uliitwa Albertville mpaka mwaka 1966, ulipopewa jina la Kalemie. Tulilala njiani usiku tatu. Asubuhi ya nne lori likapanda kilima, na mbele yetu tukaona maji yasiyo na mwisho. Baba mdogo, ambaye si mtu wa maneno mengi, alivua kofia yake.

Hakika ni ziwa la ajabu. Urefu wake, toka kaskazini hata kusini, wapata kilometa 670, na nchi nne zinalishiriki: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kina chake chafika mita 1,470 mahali palipo na kina kikubwa kuliko pote. Katika maziwa yote ya dunia, moja tu lalishinda kwa kina, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi. Jioni mitumbwi hutoka na taa zake, na usiku usio na mwezi utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Wazazi wa yule binti walitupokea vizuri. Walituwekea maji ya kuoga, wakatupa ugali wa muhogo na migebuka, wala hawakutuuliza neno la safari yetu siku ile. Tulipokuwa tukila, binti mwenyewe akapita uani, ametoka shambani, jembe begani na kikapu cha muhogo kichwani. Tulimwona sote watatu. Baba mdogo akatunong'oneza: "Wamempa jembe kwa ajili yetu." Nasi tukaitikia kwa kichwa. Kumbukeni neno hili, wasomaji, kwa maana tutalirudia.

Siku ya pili babu yake yule binti, mvuvi mzee, akatuchukua kutuonyesha mji. Akatufikisha mahali mto Lukuga unapokutana na ziwa. Upepo ulikuwa ukitoka kule mtoni, mawimbi madogo yakielekea ziwani. Baba mdogo akatazama, akasema kama mtu anayejua: "Basi, mto huu nao ni mmoja wa mito inayolilisha ziwa hili."

Mzee hakubisha. Aliinama, akavunja bua la tete, akalitupa majini. Bua likasimama kidogo, likizungushwa na upepo. Kisha polepole likaanza kwenda, si upande wa ziwa, bali upande wa magharibi, likiliacha ziwa nyuma yake. Tukalifuata kwa macho mpaka likapotea.

"Mito mingi huingia humu," akasema mzee, "lakini mmoja tu hutoka, nao ndio huu. Maji yake huenda mpaka Lualaba."

Tukanyamaza. Lukuga huingia katika Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo, yaani juu ya kwetu. Basi maji tuliyooga tangu utoto, maji ambayo mama zetu walipikia na mababu zetu waliyasifu kuwa maji ya nyumbani, sehemu yake yalitoka kwa watu hawa. Nasi tulikuja kuwaambia kwamba hatuna neno nao.

Mzee alituona tumeaibika, akacheka. "Msione haya. Wageni wengi wamekosea habari za mito ya ziwa hili, hata wale wenye vitabu."

Alisema kweli. Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji, ng'ambo ya mashariki, wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walisikia kwamba kaskazini uko mto Rusizi, wakatumaini kwamba unatoka ziwani kuelekea Nili. Walipofika Uvira kwa mitumbwi, wana watatu wa mtemi mmoja wakawaambia wazi: Rusizi huingia ziwani, hautoki. Burton akayaandika hayo katika kitabu chake. Lakini baadaye aligombana na Speke, ambaye alisema kwamba chanzo cha Nili ni ziwa Viktoria. Basi mwaka 1864 Burton akageuka, akasema kwamba Tanganyika nalo hulisha Nili, na kwamba Rusizi yaweza kuwa mlango wake. Je, alikwenda tena kuutazama mto? Hakwenda. Maji hayakugeuka, moyo wake ndio uliogeuka. Mwisho wa mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda wenyewe kwa mtumbwi mpaka mahali penyewe, wakaona yale yale waliyoyasema wana wa mtemi: Rusizi waingia.

Habari ya Livingstone mwenyewe yatugusa zaidi, kwa maana yahusu mto wetu. Mwezi wa Machi 1871 alifika Nyangwe, chini ya Kongolo, akausimamia Lualaba. Aliamini kwamba ni Nili. Hakuwa mtu wa hila, wala hakutafuta sifa tupu. Alifikiri kwamba akivumbua chemchemi za Nili wakubwa wa dunia watamsikiliza atakapolia juu ya biashara ya watumwa, ambayo aliichukia kwa roho yake yote. Katika maandiko yake aliungama kwamba mara nyingine alikuwa na hofu: labda mto huu ni Kongo. Lakini hofu ile hakuifuata. Alikufa mwezi wa Mei 1873, karibu na ziwa Bangweulu, angali akiutafuta Nili katika maji yaendayo Kongo. Basi tusidhani kwamba tamaa mbaya peke yake humpofusha mtu. Hata nia njema yaweza.

Baada yake akaja Cameron. Mwezi wa Mei 1874 alifika penye mlango wa Lukuga, na mkubwa mmoja wa pale akamwambia kwamba watu wake huufuata mto ule zaidi ya mwezi mmoja hata Lualaba. Cameron akasadiki kwamba mto unatoka. Alipofika Nyangwe akapima urefu wa nchi toka usawa wa bahari, akaona kwamba Lualaba pale uko chini kuliko Nili ulivyo Gondokoro, katika Sudani ya Kusini ya leo. Ikawa wazi, maana maji hayapandi mlima. Stanley naye akaondoka Nyangwe mwezi wa Novemba 1876, akaufuata mto mpaka akatokea Boma mwezi wa Agosti 1877. Lualaba ni Kongo.

Lakini sikilizeni neno moja zaidi. Stanley huyo huyo alipoutazama Lukuga mwaka 1876 aliona mafunjo na tope vimeuziba, na maji hayatoki kama Cameron alivyosema. Je, mmoja wao alisema uongo? La. Maji ya ziwa yalikuwa yakipanda mwaka hata mwaka, yakisukuma kile kizuizi, na yapata mwaka 1878 yakakibomoa. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Hore aliuona Lukuga ukienda kwa nguvu nyingi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Ziwa hili hupanda na kushuka. Mwaka 2024 lilipanda tena, likaingia katika nyumba za watu wa pwani. Basi mtu aweza kuwa alisema kweli siku ile, na neno lake lisiwe kweli leo.

Usiku ule hatukupata usingizi upesi. Tumezoea jioni kuhoji dhamiri zetu: leo tumesema nini, tumetenda nini, tumeacha nini. Ni desturi njema. Lakini tuligundua kwamba hatujapata kujiuliza: tumesadiki nini bila kuona? Makosa ya mikono huonekana. Mawazo tuliyorithi hayaonekani, kwa kuwa ndiyo macho yenyewe tunayotazamia.

Tukaanza kuulizana gizani. Nani alituambia kwamba watu wa ziwani hawana makao? Wazee. Na wazee waliambiwa na nani? Baba mdogo akafikiri sana, kisha akasema kwamba babu yake alikopesha mtu wa ziwani chumvi, naye hakurudi kulipa. Mtu mmoja. Je, kuna mmoja wetu aliyewahi kuishi nao? Hakuna. Na lile jembe? Hapo tukaona haya kweli. Tulisema kwamba binti hajui jembe. Tukamwona na jembe. Tukasema amepewa kwa ajili yetu. Kama asingekuwa nalo, tungesema: mnaona? Naye analo, tukasema vile vile. Wazo lisiloweza kushindwa na jambo lolote tunaloliona, hilo si maarifa. Hilo ni mafunjo yaliyoziba mto.

Swali la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kwa nini tulipenda iwe hivyo? Baada ya kimya kirefu baba mdogo akajibu mwenyewe: "Kwa sababu tulitaka kijana arudi nyumbani aoe karibu, atusaidie uzeeni. Hayo hatukuyasema barazani. Tulisema habari za watu wa ziwani."

Kulipopambazuka akamwomba baba wa binti waongee, akamfunulia yote: tulivyotumwa, na kwa sababu gani. Yule baba hakukasirika. Akasema: "Mzee, ni kweli kwamba tunahama. Iko miezi tunafuata samaki, tukalala kambini mbali. Lakini wake zetu hubaki na mashamba, na nyumba haifungwi. Nanyi jueni kwamba hapa kwetu mama yake binti amelia mwezi mzima, kwa kuwa ameambiwa kwamba watu wa Lualaba huwafanya wakwe zao watumwa." Tukatazamana. Neno hilo hatujapata kulisikia maishani mwetu. Kumbe nao walikuwa na mafunjo yao.

Hatukuahidi mahari siku ile, kwa maana hatukutumwa hivyo, na mjumbe hapiti mpaka wa ujumbe wake. Tuliomba ruhusa tu ya kurudi kwa wazee, tukaomba baba yake binti na mvuvi mzee waje Kongolo kututembelea, wajionee. Wakakubali kuja wakati wa kiangazi.

Tuliporudi, baba mdogo alisimama barazani. Hakuwatukana wazee, wala hakusema kwamba maneno ya mababu ni bure. Mengi katika hayo yametulinda. Aliwaambia kwanza habari ya lile bua la tete. Kisha akaungama mbele ya wote habari ya lile jembe, na maneno aliyotunong'oneza. Mzee mmoja akaondoka kwa hasira. Wengine wakabaki, na mmoja akauliza: "Basi ni nani kati yetu amewahi kuishi nao?" Hakuna aliyejibu. Wageni wanangojewa, na neno la mahari litasemwa watakapokuwapo wao pia.

Nanyi wasomaji, na hasa ninyi vijana wa shule, hatuwaambii mtupe yote mliyofundishwa. Mtu asiye na wazo lolote ni kama mtumbwi usio na kasia. Lakini mtakapomsikia mtu akisema, "Watu wale ndivyo walivyo," na moyo wenu ukaitikia upesi, ngojeni kidogo. Ulizeni ni nani aliyeona, na lini. Ulizeni kama ninyi wenyewe mngependa iwe hivyo, na kwa nini. Kisha, kama njia iko, nendeni mkatazame maji yenyewe.