Mnara wa Chumbe na Msikiti Wake

Neno mnara katika Kiswahili lina kazi mbili, nasi tumezizoea kiasi cha kutoziona. Mnara ni wa msikiti, alikokuwa akipanda muadhini. Na mnara ni wa bahari, unaobeba taa ya kumwongoza nahodha. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao manara ni mahali pa nuru. Basi bibi wa Mnarani kule Kilifi anapotaja mtaa wake, na baharia aingiaye Kilindini usiku akitafuta taa ya Ras Serani, wote wawili ulimi wao umeshika neno moja.

Jambo hili lilinirudia mwaka jana, wiki chache baada ya Idi ya Mfungo Tatu, tulipokwenda Unguja kuwaona jamaa, mimi na mama watoto na binti yetu wa mwisho. Siku moja ya safari hiyo tuliitenga kwa ajili ya Chumbe, kisiwa kidogo kilicho kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe, umbali wa kilomita 12 hivi. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe ya kale lililovikwa msitu, urefu wake kama kilomita moja tu. Lakini ndani ya udogo huo mna mnara wa bahari na msikiti, na vyote viwili vimesimama jirani.

Anayetaka kuuelewa mnara wa Chumbe na aanzie Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, na mbele yake ulisimama mnara wa taa ulioonekana na vyombo vilivyokuwa vikiingia bandarini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na mnara ule ukaharibika vibaya. Jumba lilipotengenezwa mwaka 1897, mahali pa mnara wa zamani pakachukuliwa na mnara wa saa ulioungwa na uso wa jumba lenyewe. Kisha mwaka 1904, miaka 8 tu baada ya mizinga, Waingereza hao hao wakasimamisha mnara wa taa Chumbe ili meli zipite salama. Mkono ulioangusha taa moja ndio uliowasha nyingine. Na mambo ya dola mara nyingi ndivyo yalivyo.

Tulipopita Forodhani, Beit al-Ajaib ilikuwa imezungushiwa uzio. Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Humo ndani ndimo ulimokuwa ukionyeshwa mtepe ulioundwa upya na mafundi wa zama zetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kama vile walivyosafiria wazee wetu wa Lamu na Faza. Binti yetu aliuliza mtepe ni nini. Nilimweleza, lakini kueleza mtepe kwa mtoto ambaye hajapata kuuona ni kama kumweleza mtu utamu wa embe kwa maneno.

Siku ya safari kusi lilikuwa likivuma. Mashua yetu ilikuwa na mtambo, hata hivyo ilirushwa rushwa na mawimbi, na mama watoto akawa katika dhikri tangu tulipoondoka hadi tulipoteremka. Mnara tuliuona mapema, mweupe juu ya kijani cha msitu, na kwa kadiri tulivyokaribia ndivyo ulivyozidi kurefuka. Tulipokelewa na mlinzi wa hifadhi, mtu mzima aliyetuambia kuwa zamani alikuwa mvuvi. Kwanza akatuonya tusiguse kitu baharini, kisha akatuongoza hadi chini ya mnara.

Ngazi zake ni 131. Binti yetu alizihesabu kwa sauti, nami niliacha kuhesabu pumzi zilipopungua. Juu kabisa upepo ulitaka kuichukua kofia yangu. Ukitazama upande mmoja unaiona Unguja imelala kama mkeka. Upande wa pili maji yamegawanyika rangi, kijani pale penye miamba na buluu nzito palipo na kina. Hapo ndipo mtu hufahamu kwa macho yale ambayo nahodha alilazimika kuyafahamu gizani. Katika Suratul An'am Mola ametukumbusha kuwa nyota zimewekwa zituongoze katika giza la bara na bahari. Mabaharia wetu walizisoma nyota hizo kwa ustadi mkubwa, lakini nyota haikuonyeshi mwamba ulio hatua mia moja mbele ya chombo chako. Kwa hilo mwanadamu alihitaji taa yake.

Tuliposhuka tulionyeshwa nyumba ya mlinzi wa mnara. Sasa imegeuzwa kuwa mahali pa kupokelea wageni na kulia chakula, na fundi aliyeigeuza hakukosea, kwani kuta za zamani bado zinatambulika. Mama watoto hakushughulishwa na ufundi. Aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na vitabu vyangu vyote, halikunipitia akilini.

"Kaka yangu, na maji ya kupikia wakiyatoa wapi?"

"Kisiwa hiki hakina kisima, mama," akajibu yule mlinzi. "Hapa ni mvua tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia mimi: "Shekhe, hebu fikiri kulea mtoto mchanga hapa, kusi likivuma, na maji ya kupima kwa kikombe."

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana neno lake. Maandishi juu ya minara hutaja mwaka wa kujengwa, urefu na aina ya taa. Huwezi kukuta ndani yake mwanamke aliyeamka alfajiri kuwasha moto wa mlinzi, wala mtoto aliyejifunza kutembea juu ya jiwe lenye ncha kali. Lakini taa ile iliwaka kila usiku kwa sababu kulikuwa na familia, na Chumbe familia hiyo iliacha ushahidi usiofutika: msikiti. Ulijengwa kwa ajili ya mlinzi na watu wake, kwa mtindo wa Kihindi ambao ni nadra kuonekana katika misikiti ya pwani yetu, na wafanyakazi wa kisiwa bado wanausalia. Tuliswali humo adhuhuri, rakaa mbili za msafiri. Ni msikiti mdogo mno, na nadhani safu mbili zingeujaza.

Mwaka 1926 taa ya Chumbe iligeuzwa ikawa ya gesi. Taa za gesi zilienea katika minara ya dunia kwa uvumbuzi wa Gustaf Dalén wa Sweden, aliyebuni vali ya kuifunga gesi jua linapochomoza na kuifungua linapotua, bila mkono wa mtu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka huo huo mlipuko wa gesi ulimpofusha, akaishi miaka 25 mingine katika giza huku taa zake zikiwaongoza wengine. Faida ya uvumbuzi huu haina shaka. Lakini taa ikishajiwasha yenyewe, mlinzi hana kazi. Mlinzi akiondoka, nyumba hubaki tupu. Na nyumba tupu katika hewa ya chumvi haidumu. Ndivyo minara mingi ilivyokufa duniani. Bahari haikuibomoa, ila ilikosa mtu wa kuishi ndani yake.

Chumbe iliponea kwa njia ambayo huenda wajenzi wake wasingeiwaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, alianza juhudi za kukihifadhi kisiwa, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikakitangaza kuwa hifadhi, miamba yake na msitu wake. Wavuvi wakaajiriwa kuwa walinzi. Pesa za wageni hulipa mishahara na kuwaleta wanafunzi wa Unguja, wavulana kwa wasichana, wakaione miamba iliyo hai chini ya maji. Paa nunga yumo, na kaa mkubwa apandaye miti yumo. Nitasema pia lisilonipendeza: gharama ya kulala pale si ya mwalimu wa madrasa, na siku ile wageni wote isipokuwa sisi watatu walitoka ng'ambo. Urithi ambao mwenyewe anauona kwa nadra ni urithi nusu. Hata hivyo nusu iliyosimama ni bora kuliko kifusi kizima.

Na mnara ukishakuwa kifusi, nini hubaki? Iskandaria inatupa jibu. Mnara wake ulihesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia. Ibn Battuta, ambaye baadaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mwaka 1326 upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 hata mlango wake haukufikika tena, kwa kuwa mitetemeko ya ardhi ilikuwa imefanya kazi yake. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pale. Lakini mwaka 1166 alikuwa amepita hapo mtu wa Malaga, Yusuf al-Balawi, akaupima mnara ngazi hadi ngazi, pamoja na msikiti uliokuwa juu yake, kisha akayaandika yote katika kitabu alichokiita Alif Ba. Kitabu hicho alikitunga kwa ajili ya kumsomesha mwanawe. Wataalamu wa karne ya 20 walipotaka kujua mnara ulikuwaje, walikwenda kuyasoma maneno ya baba kwa mtoto.

Hapa Mombasa mahali tunapopaita Lighthouse tunapajua sote. Jioni za Idi huko hakupitiki kwa familia, mihogo ya kukaanga na madafu. Niliporudi niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la jioni, watoto ishirini na wawili, kwa nini pameitwa hivyo. Watatu walijua kuwa kuna mnara wa taa. Mmoja alisema ni jina la duka. Siwalaumu hata kidogo. Katika nyumba zao mna babu aliyekuwa serahangi, au nyanya aliyemngoja mumewe msimu mzima wa kaskazi huku akishona kofia. Daftari la shilingi thelathini na jioni mbili za kuwasikiliza zingetosha kwa kuanzia. Binti yetu ameanza na mjomba wa mama yake, aliyewahi kusafiri kwa jahazi mpaka Maskati, na tayari amejaza kurasa kumi na moja, nyingi zikiwa za majina ya pepo na ya samaki.

Kwa atakayetaka kwenda Chumbe: hifadhi hufungwa wakati wa mvua za masika, na wageni wa siku moja hupokewa wachache, kwa hiyo ulizia nafasi mapema kabla ya kukata tiketi ya kuvuka. Chukua viatu vya nyayo ngumu, kwani jiwe la pale hukata. Mwenye wazee awaache kivulini chini ya mnara, waswali na wapumzike. Zile ngazi 131 ni za vijana.